Bula ya Pensheni

Ayanle aliposhuka kwenye basi pale Rhamu, kitu cha kwanza alichopewa mkononi kilikuwa beleshi.

"Asalaam aleykum, adeer," alisema Mzee Warsame, jirani yao, akimwita ami kwa desturi ya Kisomali ya wazee kuwaita vijana, aliyekuwa amesimama stendi kama mtu aliyeagiza kijana na kijana akaletwa. "Mungu amekuleta kwa wakati wake. Hirsi ametutoka alfajiri. Begi lako nitampa mwenye mkokoteni. Wewe shika hili, tuondoke."

Hakuuliza habari za Garissa wala za njiani. Basi lilikuwa limelala Elwak likisubiri msafara wa polisi, na nguo za Ayanle zilikuwa zimeshika rangi ya barabara. Alimfuata mzee yule hadi makaburini, kwenye mwinuko nyuma ya mji, akiwa bado amevaa viatu vyake vya kufundishia.

Huko aliwakuta wazee wa mtaa wao wamelizunguka shimo lisilofika magotini. Mmoja alikuwa askari zamani, mwingine mwalimu, mwingine mpishi wa hospitali. Kila mmoja alichimba kidogo, akampa mwenzake zamu, kisha akaenda kuketi juu ya mawe huku ameshika kiuno. Ardhi ya pale ni changarawe tupu mpaka uivuke ile tabaka ya juu. Walipomwona Ayanle walimpisha. Alikunja suruali, akashuka.

Alichimba hadi viganja vikatoa malengelenge. Wazee walimwelekeza kutoka juu, hasa alipofika kwenye mwanandani, ule mchimbo wa pembeni anamolazwa maiti. Wakati mwingine walibishana wao kwa wao kuhusu upana, na Ayanle akasimama chini kule akingoja wakubaliane.

"Zamani," Warsame alisema akijifuta uso kwa kofia, "kaburi la mtu wa bula, wa mtaa wetu, halikuwa kazi. Vijana walikuwa wananyang'anyana beleshi."

Ayanle alikumbuka. Yeye na rafiki yake Abdinoor waliwahi kufukuzwa kwenye mwinuko huo huo, wakiwa wadogo, kwa sababu walitaka nao watupe udongo kama watu wazima. Sasa aliinua macho akaziona nyuso zile zile zilizomfukuza. Zilikuwa zimekunjamana, na zilimtazama kwa shukrani iliyomtia haya.

Hirsi alikuwa karani wa serikali, na alipostaafu ndiye aliyewafundisha watoto wa mtaa kusoma saa, akiwakalisha kibarazani mmoja mmoja na kuwashikisha saa yake ya mkononi. Ayanle alilia humo shimoni bila mtu kugundua. Alipopanda juu, vumbi lilimsaidia kuficha machozi.

Mtaa huo una jina lake rasmi ambalo halitumiki. Watu wa Rhamu wanauita Bula ya Pensheni. Ulianza pale watumishi wa serikali wenye asili ya huku, baada ya kuzunguka Wajir, Isiolo, Garissa na Nairobi kwa maisha yao yote ya kazi, walipoanza kurudi mmoja mmoja na kununua vishamba kando ya mto Daua, kwenye mpaka wa Ethiopia. Walitoa maji mtoni kwa pampu za dizeli, wakapanda vitunguu, ndimu na migomba, wakajenga nyumba zinazotazamana. Walikuja na watoto wao wa mwisho, kisha wakaletewa wajukuu kutoka mijini ili walelewe kwenye hewa safi na dini. Ndiyo maana Ayanle alipokuwa mdogo, bula hiyo ya wastaafu ilikuwa na watoto wengi kuliko mbuzi.

Yeye aliletwa na baba yake, mfanyabiashara wa Nairobi, akalelewa na babu yake Billow na bibi yake Sirad. Billow alikuwa dereva wa greda, na hakukuwa na barabara kati ya Habaswein na Mandera ambayo hakudai ameilainisha yeye. Alifariki Ayanle akiwa chuoni Garissa. Watoto wenzake wote walikuwa wameondoka. Waliobaki ni wale waliokuja kupumzika, na sasa walikuwa wamechoka kupumzika.

Jioni hiyo bibi yake alimpa maji ya kuoga kabla ya salamu, kwa kuwa alitoka makaburini. Kisha akamwekea anjera na chai ya maziwa yenye iliki nyingi, akaketi mbele yake kumtazama akila. Kwa Wasomali bibi na mjukuu huitana jina moja, kila mmoja humwita mwenzake ayeeyo.

"Ayeeyo," Sirad alisema, "umekuja kuaga au umekuja kukaa?"

"Bado sijui, ayeeyo."

"Nani anasubiri ujue?"

Ayanle alimweleza. Alikuwa akifundisha kemia kwa mkataba katika shule moja ya Garissa, na shule hiyo ilitaka kumwongezea muda. Lakini hapa Rhamu, shule ya sekondari ya ng'ambo ya soko haikuwa na mwalimu wa kemia tangu walimu kutoka bara, watu wa kusini mwa Kenya, walipoondoka kwa hofu ya mashambulizi. Akitaka, angetumwa huku na kuajiriwa kabisa. Ilibidi aseme kabla ya shule kufunguliwa.

Sirad aligeuza anjera nyingine kwenye kikaango. "Basi katika kufikiri kwako, mimi usinitie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nitakufa. Ukikaa kwa ajili yangu, siku hiyo utabaki na sababu iliyolala chini ya mchanga. Tena sikukosa mtu wa kunipa maji, Yurub yupo." Yurub alikuwa shangazi yake Ayanle, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika na sasa aliuza maziwa sokoni. "Kula. Umekonda kama mtu anayepikiwa na wanaume."

Na ni kweli. Garissa alikuwa akiishi chumba kimoja na Abdinoor, wakipika wali ule ule kila siku.

Siku zilizofuata alizunguka. Alikwenda mtoni mahali walipokuwa wakiteleza juu ya magogo ya migomba mpaka kaptura zikatoboka. Alipita nyumba ya kina Abdinoor, ambayo mabati yake yalikuwa yameng'olewa na kuuzwa, na ndani yake mbuzi wa mtu walikuwa wamejikunja kivulini. Alisimama mbele ya kibaraza cha Hirsi. Pale, Kombe la Dunia lilipokuja Afrika Kusini, Hirsi alitoa nje televisheni yake ndogo na kuiunganisha na betri ya gari, na bula nzima ikaketi chini mchangani. Hata jamaa wa upande wa Ethiopia walivuka mto, maji yakiwa mapajani, viatu vikiwa vichwani. Ghana walipokosa ile penalti, mama mmoja asiyejua kanuni hata moja ya mpira alipiga kelele kuliko wote, na mpaka leo haijulikani alidhani kimetokea nini.

Ayanle alicheka peke yake mbele ya kibaraza kitupu. Mjane wa Hirsi alichungulia dirishani kuona ni nani.

Kila nyumba ilikuwa na kazi ya kumpa. Huyu simu yake imekataa kutoa sauti. Yule anataka asomewe dawa ya macho inatiwa mara ngapi. Mwingine hakutaka chochote ila mtu wa kumsikiliza akisimulia alivyowahi kukwama na lori kwenye tope la Habaswein, na Ayanle alikuwa ameshaisikia hadithi hiyo tangu hajaota meno ya pili. Baada ya sala ya isha mtaa ulinyamaza kabisa. Alijikuta analala kuku wakilala. Asubuhi moja aliinuka kitandani akaguna "Ya Allah" na kushika mgongo kama Warsame, akashtuka.

Abdinoor alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Garissa, nyuma yake tuktuk zikipiga honi.

"Buda, usitekwe na hao wazee. Huko ni kwa kuzaliwa na kuzikwa. Hapo katikati mtu anaishi Garissa! Jana tulikuwa kule karibu na daraja, upepo wa Tana unapuliza, tumekula sambusa mpaka tukakinai, tumebishana mpira mpaka mwenye hoteli akazima taa. Kitanda chako kiko. Lakini usikae sana, nitakipa mtu."

Ayanle aliusikiliza mara mbili. Alikuwa anaipenda Garissa. Aliyapenda yale mabishano, wanafunzi wa chuo wakipita kwa makundi jioni, na kule kujua kwamba ukitoka nje huna budi kukutana na mtu wa rika lako. Hapa alikuwa hajabishana na mtu tangu aje.

Kisha mto ukaja.

Daua una tabia hiyo. Rhamu mbingu inaweza kuwa nyeupe pe, hakuna hata wingu, kumbe mvua imenyesha siku nzima kwenye milima ya Ethiopia. Mchana mmoja jamaa wa juu ya mto walipiga simu kusema maji yamepita kwao na yamebeba miti mizima. Pampu za bula zote zilikuwa ukingoni, ya Warsame, ya marehemu Billow, ya Hirsi na za wengine, kila moja imekaa juu ya fremu ya chuma ambayo magurudumu yake yalikuwa yamezama udongoni miaka mingi. Bila pampu hakuna shamba.

Wazee walikusanyika na kamba. Warsame, ambaye maisha yake yote aliendesha malori ya serikali, alianza kutoa amri kama mtu anayeondoa msafara. Walivuta. Pampu ya kwanza ilitikisika, ikakaa. Walivuta tena. Mzee aliyekuwa mwalimu alianguka akakaa chini, akabaki pale pale akihema.

Ayanle alitoa simu. Kulikuwa na kundi lao la WhatsApp, Watoto wa Bula, waliotawanyika toka Eastleigh hadi Minnesota. Aliandika: "Mto unakuja. Pampu zote ziko ukingoni." Majibu yalimiminika papo hapo. Subhanallah. Mikono ya dua. Nyuso za kulia. Abdinoor akaandika: "Mimi niko Garissa, nifanyeje?"

"Unamwita nani?"

Aliyeuliza alikuwa Sista Risper, amefika na buti za mpira, gauni amelifunga kiunoni. Alikuwa muuguzi mstaafu, Mjaluo wa Kendu Bay aliyeletwa Rhamu na kazi akiwa msichana na hakurudi kwao. Karibu kila mtoto wa mji huo alipokewa na mikono yake, Ayanle akiwemo, na Kisomali chake kilikuwa kizuri isipokuwa kilikuwa na wimbo wa ziwani.

"Nawaita watoto wa bula," Ayanle alisema.

"Na wako wapi hao watoto?"

Ayanle alirudisha simu mfukoni.

"Stendi imejaa vijana, Ayanle. Kule shuleni kuna kidato cha nne, hawajapewa likizo. Kwani hao si watu? Kimbia!"

Alikimbia. Alipofika stendi alijikuta mbele ya waendesha bodaboda waliokuwa wakinywa chai, na hakujua jina la hata mmoja. Alieleza akihema, akaogopa kwamba watamuuliza kwa nini wao. Hawakuuliza. Mmoja alimwaga chai yake chini, akapiga stata. Wawili walimchukua Ayanle hadi shuleni, na muda mfupi baadaye wanafunzi walikuwa wanashuka mtoni mbio, wengine kandambili mikononi, wakipiga kelele kama wanaokwenda kutazama mechi.

Maji yalikuwa yamefika, ya rangi ya chai ya maziwa, yakinguruma kwa sauti ya chini ambayo unaisikia kwa miguu kabla ya masikio. Vijana walichimbua magurudumu kwa mikono, wakafunga kamba, wakavuta kwa pamoja. Pampu ya Warsame ilitoka na kipande kizima cha ukingo. Ya Hirsi ikafuata. Wazee nao walikataa kukaa, wakashika mkia wa kamba ambako nguvu zao hazikuongeza kitu, na hakuna aliyewaambia waache. Pampu ya Billow ilikuwa ya mwisho. Ilipofika juu, safu yote ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake iliinama taratibu, ikaondoka na maji. Ayanle aliitazama mpaka ikapotea kwenye kona.

Kisha Yurub alileta birika kubwa la chai, na watu wote wakakaa chini kwenye tope. Warsame alimwonyesha kijana mmoja wa bodaboda jinsi ya kufunga fundo lisiloteleza, kijana akalifungua na kulifunga tena mpaka akaliweza. Kelele zilikuwa nyingi. Ayanle alikuwa hajasikia kelele kama hizo kwenye ukingo ule tangu utoto.

"Samahani," mmoja wa wanafunzi alimwambia, "wewe ndiye mwalimu wa kemia tuliyeambiwa anakuja?"

"Nani amewaambia nakuja?"

"Kila mtu." Kijana alifuta tope usoni. "Sisi tumesoma kemia ya kitabuni tu. Hatujawahi kuona kitu kinabadilika rangi kwa macho yetu."

Wenzake walicheka, lakini walikuwa wanamtazama Ayanle wakingoja jibu. Ayanle alishika birika, akawaongezea chai.

Maji yalipopungua, Ayanle alikwenda kumsaidia Sista Risper kutoa tope uani. Alimkuta amepanga sufuria zake nje, nyingine zimefungwa kwa magazeti.

"Wanangu, wale niliowapeleka kulelewa kwetu, wanakuja kunichukua," Risper alisema kabla hajaulizwa. "Narudi Kendu Bay."

Ayanle aliweka beleshi chini. "Sista, wewe? Hata ile miaka wafanyakazi wote wa bara walipoondoka, wewe hukuondoka."

"Sikuondoka. Warsame na Hirsi walikuwa wanalala kwenye mlango wangu kwa zamu, na hakuna siku walinionyesha kwamba wanaogopa. Ningeondokaje?" Aliketi kwenye kigoda akanyoosha mguu. "Lakini Hirsi amekufa. Ile siku ya pampu, nikirudi nyumbani, nilijiuliza ni nani nimebaki naye ambaye naweza kumtajia jambo la zamani bila kulieleza kuanzia mwanzo. Nikampata Warsame na bibi yako. Na magoti haya hayanisubiri."

"Mimi nilidhani..." Ayanle alitafuta maneno. "Nikikutazama wewe, nilidhani mtu anaweza kuchagua kukaa hapa na asijute."

"Sijuti hata kidogo. Ila wewe umenielewa vibaya, mwanangu. Unadhani mimi nilichagua kukaa na wazee?" Alicheka. "Nilipokuja na sanduku langu la bati, hii bula haikuwepo. Tulikuwa wauguzi, makarani, madereva, walimu, wengine wamepangiwa kazi hapa, wengine wamekuja likizo tu, wote damu moto. Jioni tulicheza mpira wa wavu nyuma ya zahanati. Babu yako alipokuja likizo alikuwa hajui kupiga hata kidogo, lakini alikuwa mrefu, tukamsimamisha pale mbele tu. Nilichagua vijana wenzangu, halafu tukazeeka pamoja. Hakuna kingine nilichofanya."

Ayanle aliokota sufuria, akaanza kuifunga kwa gazeti.

"Sasa wewe ukikaa bula hii, utakaa na nani? Na sisi? Sisi tunapita. Nakuona unavyotembea kule mtoni peke yako huku unacheka. Unatembea na wale watoto walioondoka. Hao ni wenzi wazuri, hawabishi, hawazeeki. Lakini hawavuti kamba."

Alimsaidia kufunga sufuria zilizobaki. Ilikuwa vigumu kuona vizuri, akasingizia tope.

Kesho yake alivuka soko akaenda kwa mwalimu mkuu wa sekondari, Bwana Keynan, akamwambia atakuja. Mwalimu mkuu alimshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayehofia atabadili nia. Kisha Ayanle aliuliza kuhusu zile nyumba za walimu nyuma ya shule, zilizofungwa tangu walimu wa bara waondoke. Walizifungua. Mchwa walikuwa wamekula fremu za milango, na kwenye ukuta wa mojawapo kulikuwa bado na kalenda ya zamani ya duka fulani la Machakos, imebaki kwenye mwezi ambao mwenyewe alifunga virago. Ayanle aliichagua nyumba hiyo.

Alimpigia Abdinoor. "Kitanda mpe mtu."

Kelele za tuktuk zilisikika zikija na kupita. "Nimpe kweli?"

"Mpe."

"Haya. Basi godoro nitalituma kwa basi, usije ukalala chini kama mtu aliyekimbia kwao." Kisha akaongeza, sauti ikiwa ndogo, "Mto ulikula nini?"

"Migomba ya babu. Yote."

"Ile tuliyokuwa tunaiba?"

"Ile ile."

Abdinoor alikata simu bila kuaga, kama afanyavyo mtu ambaye hataki asikike akilia.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia bibi. Sirad alisikia kwamba mjukuu anabaki Rhamu, akainua mikono kushukuru. Aliposikia atalala wapi, akaishusha.

"Mji huu huu? Nyumba yangu iko hapa, kitanda chako kimetandikwa, na wewe ukalale nyumba ya mchwa? Watu watasema nimekufukuza."

"Nitakuja kula, ayeeyo. Nitakuja kila siku ukitaka."

"Mgeni ndiye anayekuja kula."

"Uliniambia nisikutie katika kufikiri kwangu."

"Nilisema usikae kwa ajili yangu. Sikusema unikimbie."

Ayanle aliketi karibu na miguu yake. "Hapa kila kona namwona mtu ambaye hayupo. Namwona babu, namwona Hirsi na televisheni yake, namwona Abdinoor hana meno ya mbele. Nikilala hapa nitaishi miaka ile tu, ayeeyo. Sitaiona hii."

"Miaka ile ilikuwa mibaya?"

"Ilikuwa mizuri mno. Ndiyo shida."

Sirad aligeuza uso. Alikaa siku kadhaa bila kumwita ayeeyo, akimwita kwa jina lake kama afanyavyo mwenye duka.

Sista Risper aliondoka wiki hiyo hiyo. Bula nzima ilitoka barabarani. Wanawake aliowazalisha walileta wajukuu, waliozaliwa na wale watoto aliowapokea, na wanawe wawili, watu wazima wenye mashati ya kupigwa pasi, walisimama kando wakishangaa mama yao ni nani kumbe. Sirad alimvisha mtandio wake mwenyewe. Warsame hakutaka kumpa mkono. Aliingia chini ya turubai la gari akafungua kamba zote za mizigo na kuzifunga upya, moja moja, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wanafunga kama wanaofunga kitita cha kuni. Alipomaliza alipiga bodi ya gari kwa kiganja, akaenda zake bila kugeuka. Gari lilipoondoka, Risper alikuwa anaongea Kisomali kwa sauti dirishani, akitoa maagizo kuhusu shinikizo la damu la mtu.

Ayanle alihamia nyumba ya walimu kabla ya shule kufunguliwa. Majuma ya kwanza hayakuwa mepesi. Maji ilibidi ayabebe mwenyewe kwa mtungi, upepo uliingia kwa nyufa, na jioni kadhaa alisimama mlangoni akitazama upande wa mto, miguu ikitaka kwenda yenyewe. Lakini wale vijana wa bodaboda walianza kupita. Mmoja alitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mwingine alitaka tu mahali pa kuchaji simu na kusema maneno makali juu ya timu ya Ayanle, na Ayanle akamjibu kwa maneno makali zaidi, wakazozana mpaka sauti zikawakauka. Darasani, siku alipochanganya vimiminika viwili na kile kisicho na rangi kikawa waridi, kidato cha nne kizima kilipiga ukelele, na wale wa nyuma wakapanda juu ya madawati.

Mchana mmoja wa Ijumaa alisikia gurudumu la mkokoteni nje. Warsame alikuwa ameshika kamba ya punda, na nyuma, juu ya mto wa kukalia, alikuwa Ayeeyo Sirad, na chupa ya maziwa ya ngamia, na kopo la nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa kwa samli ikakauka isiharibike.

"Nimesikia unakula sukuma wiki," Sirad alisema, bila salamu.

Ayanle alimshusha. Sirad aliingia akakagua. Alipiga ukuta kwa kidole. Alisema jiko limewekwa mahali pa kijinga, na mlango unatazama upande wa vumbi, na godoro hilo alilotumiwa kutoka Garissa ni la mtu asiyetaka mwenzake alale. Warsame alikubali kila neno kwa kutikisa kichwa. Kisha wakaketi kwenye mkeka, Ayanle akawachemshia chai, na kutoka mabwenini kelele za wanafunzi zikaja kwa kishindo, vicheko, ndoo, mtu anayeitwa na mtu asiyeitika.

"Hizi kelele ni za leo tu?" Sirad aliuliza.

"Ni za kila siku, ayeeyo."

Alisikiliza. Chai ilimpoa mkononi. Walikaa hivyo, wazee wawili, wakisikiliza watoto wasio wao.

"Mto hausikiki hapa," Sirad alisema mwishowe.

"Hausikiki."

"Utazoea?"

"Nitazoea."

Adhana ya alasiri ilipanda kutoka msikiti wa sokoni. Ayanle alidhani watainuka waende, maana safari ya punda huchukua muda na jua lilikuwa limeanza kushuka. Warsame alikwenda kwenye kisima cha shule kutia udhu. Sirad alishika bega la mjukuu wake akasimama, akatazama kuta zote nne kama mtu aliyeshukia mji asioujua.

"Ayeeyo," alisema, "hapa kwako kibla kiko upande gani?"